Kutoka Soko la Mbuzi hadi Ova 141.5: Historia ya Dau Mjini Isiolo

Usiku wa tarehe 12 Machi 2009, timu za mpira wa kikapu za vyuo vikuu viwili vya Marekani, Connecticut na Syracuse, ziliingia ukumbi wa Madison Square Garden jijini New York na hazikutoka upesi. Dakika 40 za kawaida ziliisha 71 kwa 71. Zikaongezwa dakika tano, sare. Zikaongezwa tano nyingine, sare tena. Ikawa hivyo mpaka nyongeza ya sita, ambapo Syracuse ilishinda 127 kwa 117. New York ilikuwa saa saba na dakika 22 usiku. Isiolo kulikuwa kumekucha zamani: saa mbili na dakika 22 asubuhi, wakati mbuzi wameshafikishwa sokoni na wanunuzi wanawapapasa mgongo kutafuta nyama.

Upande wa Connecticut alisimama kijana wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, mwenye urefu unaopita mita 2.2. Miezi mitatu baadaye timu ya Memphis Grizzlies ilimchagua akiwa wa pili katika uteuzi wa NBA. Kwa Afrika Mashariki ilikuwa habari ya fahari. Lakini asubuhi ile hakuna muuza mbuzi wa Isiolo aliyekuwa na sababu ya kujumlisha 127 na 117 apate 244. M-Pesa ilikuwa na umri wa miaka miwili tu, na watu waliitumia kupeleka karo na kutuma chochote nyumbani. Ilipita miaka kumi hivi tu kabla ya mtu aliyeketi barazani akitafuna miraa kuweza, kwa simu yake, kutia shilingi hamsini kwenye jumla ya pointi za vyuo ambavyo hajawahi kusikia hata majina ya miji yake.

Jumla hiyo ya pointi ilifikaje Isiolo? Mji huu ulianza kama mahali ambapo mtu hakupita bila ruhusa.

Isiolo uko takriban kilomita 280 kaskazini mwa Nairobi, pale milima ya Meru inapoishia na nyika inapoanza. Wakoloni waliufanya mlango. Askari Wasomali waliopigana upande wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia walipewa makazi hapa; Waborana, Waturkana, Wasamburu na Wameru wakakutana nao, na mpaka leo mitaa mingi inaanza kwa neno kambi: Kambi Garba, Kambi Odha, Kambi ya Juu. Mifugo kutoka kaskazini ilizuiliwa karantini ikaguliwe kabla ya kuruhusiwa kushuka kwenye mashamba ya walowezi na masoko ya Nairobi. Kwa hiyo kabla ya kuwa mji wa kitu kingine chochote, Isiolo ulikuwa mji wa kukagua.

Ustadi wa soko lile ndio mwanzo wa kisa hiki. Mnunuzi hana mizani. Humtazama mbuzi kwa mbali kwanza aone anavyotembea, kisha humfungua mdomo ahesabu meno, humshika kiuno, humbonyeza kidari. Huuliza ametoka wapi, kwa maana mbuzi aliyetembea kutoka Merti amepoteza uzito njiani na atarudisha akipewa maji, wakati aliyeletwa kwa lori anaonekana jinsi alivyo. Hufikiria mvua: zikikaribia, mfugaji ataficha majike yake, na bei itapanda. Hufikiria Kiamaiko, machinjio ya mbuzi ya Nairobi, na siku ngapi zimebaki kabla ya Idi. Kutoka kwenye mambo hayo yote hutoa namba moja kichwani, naye dalali hutoa yake, na katikati ya namba hizo mbili ndipo biashara ilipo.

Huo ni uchambuzi. Mtu anayedhani kwamba uchambuzi wa takwimu uliletwa Isiolo na intaneti hajawahi kusimama katika soko la mifugo saa mbili asubuhi. Tena uchambuzi huo una sifa moja tutakayoihitaji baadaye: mnunuzi na muuzaji wanamtazama mnyama yule yule. Akichechemea, anachechemea mbele yao wote wawili.

Kamari nayo ina historia ndefu kuliko watu wanavyodhani, na katika nchi ya ngamia historia hiyo haiko mbali. Maisir, neno la Kiarabu linalotumiwa na Kurani, halikuanza kama neno la karata wala dadu. Waarabu wa kabla ya Uislamu walimchinja ngamia, wakamgawa mafungu, kisha wakachomoa mishale iliyotiwa alama. Mshale wako ukitoka na fungu, unachukua nyama. Ukitoka mtupu, wewe na wenzako wa mishale mitupu mnalipa bei ya ngamia. Sura Al-Maida, aya ya 90, ikauweka mchezo huo pamoja na ulevi na ikauharamisha. Wakati huohuo, mafakihi wakitegemea Hadithi waliruhusu zawadi katika mbio za ngamia, mbio za farasi na kurusha mishale, kwa masharti. Ustadi wa vita na wa safari ulistahili kutuzwa, bahati tupu haikustahili. Mwislamu wa Isiolo aliyekwenda Maralal kutazama mashindano ya ngamia yaliyoanzishwa huko mwaka 1990 hakuwa na haja ya kujificha. Mpandaji anashinda zawadi kwa kumwendesha mnyama wake mbele ya macho ya watu.

Mpaka huo wa wanazuoni, baina ya ustadi na bahati, ndio unaosumbua kila mjadala wa kubeti mpaka leo. Kijana anayetetea mkeka wake, yaani orodha ya mechi alizobetia, atakuambia kwamba hakubahatisha, amechambua. Shehe atamjibu kwamba aliyekimbia ni mwingine.

Hesabu inayochezwa leo ilizaliwa mbali sana na nyika hii. Katika miaka ya 1940, mjini Chicago, mtu aitwaye Charles McNeil, ambaye aliwahi kufundisha hisabati, alikuwa akipokea madau ya michezo. Anatajwa kuwa ndiye aliyeleta utaratibu wa tofauti ya pointi. Kabla yake mtu alibeti nani atashinda, na timu kubwa ikicheza na timu dhaifu hakuna aliyetaka kuweka pesa upande wa dhaifu. McNeil aliuliza swali jingine: itashinda kwa pointi ngapi? Mara moja kila mechi ikawa na pande mbili zinazokaribiana, hata kama uwanjani hazikaribiani kabisa. Jumla ya pointi, ile inayoitwa ova na anda, ni ndugu ya wazo hilo. Humo nani ameshinda halina maana tena. Linalohesabiwa ni kama pointi za timu zote mbili zimevuka alama iliyowekwa.

Mpira wa kikapu wa vyuo uliumizwa na uvumbuzi huo mapema. Mwaka 1950 City College ya New York ilitwaa mataji yote mawili makubwa ya vyuo katika msimu mmoja, jambo ambalo hakuna chuo kingine kimelifanya. Mwaka uliofuata baadhi ya wachezaji wake walikamatwa. Walikuwa wamepokea pesa za wacheza kamari, na kosa lao halikuwa lazima kuuza mechi. Iliwatosha kushinda kwa pointi chache kuliko zilizotarajiwa. Mchezaji angeweza kujiambia kwamba hajaisaliti timu, maana timu imeshinda. Uchunguzi ulipoisha ulikuwa umegusa vyuo saba na wachezaji 32. Vijana wale hawakuwa wakilipwa mshahara, ukumbi ulikuwa ukijaa watu waliolipa viingilio, na aliyewafuata na bahasha alijua hivyo. Udhaifu huo wa mchezo wa vyuo ulibaki kwa miongo mingi.

Wakati hayo yakitokea, Isiolo haikuwa na njia ya kuyasikia. Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, iliyokuwa na Isiolo ndani yake, ilifungwa mwaka 1926, na sheria ya wilaya maalumu ya 1934 ikaikaza zaidi. Mtu alihitaji pasi kuingia au kutoka. Baada ya uhuru vita vya Shifta, vya waliotaka kaskazini ijitenge, vikaleta hali ya hatari ambayo kisheria iliendelea mpaka 1991. Kizuizi cha Isiolo kilijulikana na kila abiria wa lori: hapo unashuka, unaonyesha kitambulisho, unaulizwa unakwenda wapi. Ndiyo maana watu wa kaskazini, wakisafiri kuelekea Nairobi, walizoea kusema wanakwenda Kenya.

Kamari ya halali ilikuwa upande wa pili wa kizuizi hicho. Walowezi walikuwa na mbio zao za farasi, na tangu 1954 uwanja wa Ngong ulikuwa makao ya mchezo huo. Mwaka 1966 Bunge lilipitisha sheria ya kubeti, bahati nasibu na michezo ya kamari, na bodi ya leseni ikaundwa chini yake. Sheria ile iliandikwa ikiwa na picha ya farasi, kasino za watalii na tiketi za bahati nasibu. Hakuna aliyeweza kuona kwamba ingelazimika kusimamia simu. Kwa mtu wa Isiolo wa miaka ya 1970, kamari ilikuwa karata chini ya mti, aibu ya kifamilia ambayo wazee waliimaliza kimyakimya.

Vitu viwili viliubomoa umbali huo. Cha kwanza ni picha. Setilaiti ilileta ligi ya Uingereza kwenye vibanda vya vidio, ambako kwa sarafu chache mtu aliketi kwenye fomu ya mbao akamwona Thierry Henry akikimbia. Vijana wa Bula Pesa na Kulamawe wakawa Arsenal na Manchester kabla hata lami haijaelekea Moyale. Cha pili ni pesa ya simu. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, na katika wilaya ambayo mtu angeweza kusafiri siku nzima kufika benki, iliingia kama maji kwenye mchanga. Mfanyabiashara wa ngamia aliyekuwa akirudi Merti na noti zimefungwa kiunoni akaanza kurudi na nambari ya siri tu.

Mwaka 2014 SportPesa ilianza kazi nchini Kenya, na vitu hivyo viwili vikaunganishwa. Ujumbe mfupi mmoja, nambari ya malipo, basi. Wengine wakafuata: Betin, mCHEZA, Betika. Jakpoti zikapanda mpaka, mwaka 2017, mshindi mmoja akaondoka na shilingi milioni 221. Utafiti wa GeoPoll wa mwaka huohuo katika nchi sita za Afrika uliwakuta vijana wa Kenya wakiongoza: asilimia 76 ya waliohojiwa walikuwa wamewahi kubeti. Neno mkeka likahama kutoka sebuleni likaenda kwenye orodha ya mechi, na kuchanika likapata maana mpya, ya kupoteza dau. Vijijini ziliingia pia mashine za sarafu, zikiwekwa kwenye vioski ambako mtoto aliyetumwa sukari angeweza kuacha shilingi kumi ya mama yake. Zile serikali ilizikamata na kuziharibu, na ilifanya vizuri.

Kodi ilipanda na kushuka kama bei ya ng'ombe wakati wa ukame. Kutoka asilimia 7.5 ya mapato ya kampuni ikaruka hadi 35 mwanzoni mwa 2018, kisha ikarudishwa 15. Julai 2019, Waziri wa Usalama wa Ndani Fred Matiang'i akisimamia, kampuni 27 zilinyimwa leseni na kampuni ya simu ya Safaricom ikaamriwa kufunga nambari zao za malipo. SportPesa na Betin ziliondoka mwaka huo. SportPesa ikarudi baadaye. Kwa kuwa simu ile ile ilikuwa imeanza pia kukopesha, kupitia M-Shwari tangu 2012 na Fuliza tangu 2019, dau na deni vilikaa kwenye menyu moja, vidole viwili tu kutoka kimoja hadi kingine.

Mpira wa kikapu uliingia kwa mlango wa nyuma. Mbetaji wa Isiolo alikuwa mtu wa kandanda. Lakini kandanda ya Ulaya huchezwa zaidi mwisho wa wiki na hulala kipindi cha joto, na ina tabia ya kukasirisha: dakika 90, bao moja, na hilo la penalti. Kikapu kina pointi kila nusu dakika. Machi 2020 iliwafundisha wengi kutafuta nje ya mazoea. Tarehe 11 NBA ilisimamisha msimu wake kwa sababu ya korona, kesho yake mashindano ya vyuo yakafutwa, na kandanda ikafungwa karibu dunia nzima. Walioendelea kubeti walijikuta wakijifunza majina ya klabu za Belarus na Burundi. Baada ya hapo kubeti mchezo usioufahamu hakukuonekana tena kuwa jambo la ajabu.

Kikapu cha vyuo vya Marekani kina mvuto wake. Daraja la juu la wanaume lina vyuo zaidi ya 350, na Jumamosi moja ya Januari inaweza kuwa na mechi zaidi ya mia. Mbetaji huona wingi huo akajiambia: kampuni haiwezi kuvijua vyuo vyote hivi kwa kina, lazima kuna mahali imekosea. Wazo hilo si la kipumbavu. Ndilo lililowajenga wachambuzi wa kweli huko Marekani.

Wao hawaanzi na jina la timu, huanza na kasi. Mchezo wa vyuo vya wanaume ni nusu mbili za dakika 20, na tangu msimu wa 2015–16 timu ina sekunde 30 za kurusha mpira, wakati NBA ni sekunde 24 na dakika 48. Kinachohesabiwa ni zamu za kushambulia, na pointi ambazo timu hupata kwa kila zamu. Dean Oliver, katika kitabu alichokitoa mwaka 2004, ndiye aliyeieneza hesabu hii kwa wasomaji wengi. Tuseme timu moja hupata pointi 1.05 kwa zamu na nyingine 1.00. Zikicheza zamu 70 kila moja, jumla ni 143.5. Zikipunguza mwendo zikacheza zamu 64, jumla ni 131.2. Wachezaji ni wale wale, mikono ni ile ile, na pointi 12 zimepotea kwa sababu ya mwendo tu. Kampuni ikiweka alama ya 141.5, swali la kujibu ni moja: nani atamlazimisha mwenzake acheze kwa mwendo wake?

Halafu vinakuja vidogo vidogo. Chuo Kikuu cha Wyoming kiko Laramie, kwenye mwinuko wa mita 2,200 hivi, na mgeni kutoka pwani huishiwa pumzi kipindi cha pili. Mtu anayeijua Iten, mji wetu wa wakimbiaji ulio mwinukoni, hahitaji kuelezwa hilo. Timu iliyo nyuma kwa pointi sita ikibaki dakika moja huanza kucheza faulo makusudi ili kusimamisha saa, na mitupo huru hupandisha jumla ghafla. Nyongeza ikitokea, kwa kawaida pointi zake huhesabiwa. Aliyeweka anda katika mechi ya Thabeet na Syracuse alikuwa na pointi 142 mwisho wa dakika 40, na 244 mwisho wa usiku.

Chuo Kikuu cha Virginia ni darasa zuri kuliko yote. Chini ya kocha Tony Bennett timu hiyo ilisifika kwa kucheza polepole na kuziba njia, na jumla za mechi zake zilikuwa miongoni mwa za chini kabisa. Machi 2018 iliingia mashindano makubwa ya vyuo ikiwa nambari moja, ikapangwa na chuo kidogo cha Maryland, UMBC, kilichowekwa nambari 16. Tangu ngazi hizo zianze kutumika mwaka 1985, hakuna nambari 16 wa wanaume aliyekuwa amewahi kumfunga nambari moja. Mapumziko ilikuwa 21 kwa 21, mwendo wa Virginia hasa. Kipindi cha pili UMBC walifunga 53 na kushinda 74 kwa 54. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 8 Aprili 2019, Virginia ileile ilicheza fainali na Texas Tech, timu nyingine iliyojengwa kwa ulinzi. Kila hesabu iliyojulikana ilisema pointi zitakuwa haba. Dakika 40 ziliisha 68 kwa 68, na baada ya nyongeza Virginia ikawa bingwa kwa 85 kwa 77. Jumla 162. Takwimu hazikuwa na kosa. Takwimu hueleza mechi mia zilizopita, na dau linawekwa kwenye ile moja ijayo.

Hapa ndipo soko la mbuzi linaporudi. Mchezaji wa chuo fulani cha Ohio akiteguka kifundo mazoezini Alhamisi, wa kwanza kujua ni wenzake. Kisha mwandishi wa gazeti la mji, kisha mtu anayelipwa kufuatilia waandishi kama huyo, kisha programu ya kampuni, na namba inashuka kutoka 141.5 hadi 138. Mtu wa Isiolo anaifungua simu na kuikuta 138. Hajui kwamba kuna mbuzi anayechechemea. Anaona bei tu. Wakati mwingine huona bei imeshuka na kufikiri amepata nafuu.

Tena bei yenyewe ina mkono ndani. Ova na anda zikiwa zote na odi, yaani kizidisho cha malipo, ya 1.85, mbetaji anahitaji kupatia zaidi ya mara 54 katika kila 100 ili arudishe pesa yake, kabla ya kodi. Wachambuzi wa Marekani wanaoishi kwa kazi hii, wenye kompyuta na wasaidizi, huhesabu asilimia 55 kuwa mafanikio makubwa. Mechi tano za namna hiyo kwenye mkeka mmoja hulipa mara 21.67, ilhali kama kila moja ni nusu kwa nusu, mkeka huo hupatikana mara moja katika 32. Sheria ya fedha ya 2025 ilihamishia kodi kwenye mlango wa kuingia na wa kutoka: asilimia 5 ya pesa inayowekwa, asilimia 5 ya inayotolewa. Shilingi 100 inaingia ikiwa 95. Ikichezwa mara moja kwa odi ya 1.85 kwenye mechi ya nusu kwa nusu, kwa wastani inatoka ikiwa shilingi 83 na senti. Dalali wa Isiolo anayekata kiasi hicho kwa kila mbuzi angefukuzwa sokoni kabla ya adhuhuri.

Kalenda imeleta jambo jingine. Mashindano makubwa ya vyuo huchezwa kuanzia katikati ya Machi mpaka mwanzo wa Aprili, na mwaka 2024 na 2025 yaliangukia kwa sehemu kubwa ndani ya Ramadhani. Mechi ya saa moja jioni New York huanza saa nane usiku Isiolo, na huishia kabla ya adhana ya alfajiri. Saa ya daku ikawa ndiyo saa ya matokeo. Katika mji wenye Waislamu wengi, simu iliyowekwa kengele kuamsha mtu ale kabla ya kufunga ndiyo iliyomwonyesha pia kama mkeka umechanika. Maimamu wanaolalamika juu ya hili wana haki ya kusikilizwa, na si kwa hoja ya dini peke yake. Mtu asiyelala wiki tatu hafanyi hesabu nzuri, iwe ya zamu za kushambulia au ya karo.

Tarehe 7 Agosti 2025 Rais William Ruto alitia sahihi Sheria ya Udhibiti wa Kamari, na ile ya 1966 ikafikia mwisho wake baada ya miaka 59. Miezi michache kabla, bodi ya leseni ilikuwa imesimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30. Sheria mpya imeunda mamlaka mpya na kuzitambua shughuli za mtandaoni. Itapimwa kwa namna itakavyofika mahali kama Oldonyiro na Sericho, ambako ofisi ya serikali iko mbali na simu iko mfukoni.

Katika habari hii yote mpira wa kikapu wenyewe umesahaulika, na ni haki urudishiwe nafasi yake, kwa maana Kenya si mgeni humo. Mwaka 1993 Nairobi iliandaa mashindano ya Afrika na timu ya taifa ikamaliza ya nne. Ikapotea miaka 28. Februari 2021, mjini Yaoundé, Tylor Ongwae alirusha mpira wa mwisho, Kenya ikawafunga Angola 74 kwa 73, na chini ya kocha Liz Mills ikarejea kwenye fainali za Afrika mjini Kigali. Madina Okot alipitia Chuo Kikuu cha Zetech akaenda kucheza Mississippi State msimu wa 2024–25, kisha akahamia South Carolina. Yaani jina la binti wa Kenya limekuwamo katika mechi za vyuo vya Marekani ambazo watu hubeti, na wengi wa waliobeti walitazama namba tu.

Isiolo ina vijana wanaoweza kueleza, bila karatasi, kwa nini timu yenye sekunde 30 hucheza tofauti na yenye 24, na nini hutokea kwa jumla ya pointi kocha anapoagiza faulo dakika ya mwisho. Wameujifunza ustadi huo kwa pesa yao wenyewe na kwa usiku wao wenyewe, wakitazama mnyama ambaye hawawezi kumshika. Walimu wa michezo wa shule za kaunti na wasimamizi wa ligi za vyuo nchini wawape kalamu na karatasi za alama. Wawaweke kando ya uwanja wahesabu zamu, mitupo na mipira iliyopotezwa ya timu zetu, wakiwa na wachezaji mbele ya macho yao, na kazi hiyo walipwe.